Mwami: Neno Moja na Vyeo Vyake, kutoka Mabawe hadi Zambezi

Neno mwami halina utata wilayani Ngara. Mzee wa Mabawe akilitamka, katika Kihangaza chake au katikati ya sentensi ya Kiswahili, anamtaja mtawala mkuu wa nchi, yule ambaye juu yake hakukuwa na mwingine ila Imana, yaani Mungu. Lakini neno hilohilo likivuka mito na milima linabeba maana nyingine. Kampala linaandikwa mbele ya jina la karani, la fundi cherehani na la mwalimu, na mke hulitumia kumtaja mumewe. Katika misitu ya Warega, mashariki mwa Kongo, ni jina la mtu aliyepandishwa ngazi katika chama kikongwe kisichokuwa na mfalme hata mmoja. Kusini kabisa, kwa Watonga wa Zambia, mwami ni chifu, na kanisani ni Bwana Mungu. Na karibu zaidi na nyumbani, Biharamulo na Karagwe, kiti cha mfalme kinakaliwa na neno tofauti: omukama.

Ngara imekaa mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Wilaya inapakana na Burundi upande mmoja na Rwanda upande mwingine, na mito Ruvubu na Kagera inakutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Lugha zake mbili za asili, Kihangaza cha Bugufi na Kishubi cha Bushubi, ni ndugu wa damu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Malcolm Guthrie, aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na tarakimu, aliziweka zote tano katika kundi la D60. Kihaya, Kinyambo na Kizinza, ambazo ni za majirani wa upande wa pili, aliziweka katika kundi la E20. Tarakimu hizo ni za ofisini, lakini zinaonyesha kitu ambacho watu wa mkoa wa Kagera wanakisikia sokoni kila siku: Mhangaza na Mrundi wanaelewana bila mkalimani, ilhali Mhangaza na Mhaya huishia kwenye Kiswahili. Mwezi Aprili 1994, wakimbizi Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wenyeji wengi waliweza kuwauliza habari za njiani bila kutafuta mtu wa kutafsiri.

Umbo la neno lenyewe ni rahisi kulipasua. Katika Kirundi na Kinyarwanda ni umwami, na wingi wake ni abami. Irabu ya mwanzo ni kiambishi ambacho Kiswahili hakina. Kinachofuata ni mu-, kile kinachotambulisha watu, ambacho kikikutana na irabu huwa mw-, kama Kiswahili kinavyosema mwalimu na mwizi. Kinachobaki ni -ami. Hapo kuna jambo la kuangalia kwa makini, nalo ni ile i ya mwishoni. Lugha hizi huunda jina la mtendaji kutoka kwenye kitenzi kwa kubadilisha a ya mwisho kuwa i. Kirundi kina kurima, kulima, na umurimyi au umurimi, mkulima, kutegemea mahali. Kinyarwanda kina guhinga na umuhinzi. Kiswahili kinafanya vivyo hivyo: kulinda na mlinzi, kushona na mshoni. Kwa kanuni hiyo, umwami angetokana na kitenzi kwama, na kitenzi hicho kipo.

Katika Kirundi, kwama ni kuzaa matunda, na tunda lenyewe huitwa icamwa, wingi wake ivyamwa: kile kilichozaliwa na mti. Mwami basi angekuwa yule anayezaa, anayeifanya nchi izae. Maelezo haya hutolewa mara nyingi Burundi, na yanapata nguvu kutokana na desturi. Kila mwaka, mvua zikishakaa vizuri, mwami wa Burundi alikuwa akifungua upandaji wa mtama katika sherehe ya umuganuro, na ngoma kuu ya ufalme, Karyenda, ilihusika katika sherehe hizo. Nchi nzima ilitazama mkono wa mtu mmoja kabla ya mbegu kushuka ardhini. Ngoma hiyo nayo ina mengi ya kusema kwa msomaji wa Kiswahili: katika Kirundi na Kinyarwanda, ingoma ni ngoma ya kupigwa, na papo hapo ni utawala na enzi. Asemaye kwamba ingoma ya fulani imepita anazungumzia zama za mfalme, hata kama hakuna ngozi wala fimbo inayoonekana.

Upande wa Rwanda kuna maelezo yanayoelekea kwingine kidogo. Huko kwamamara ni kuvuma, na mtu mashuhuri huitwa icyamamare. Mwami angekuwa mwenye sifa iliyoenea, mtu ambaye jina lake limetangulia miguu yake. Kati ya tunda na sifa hakuna umbali mkubwa, kwa kuwa mti unaozaa sana ndio unaojulikana kijijini, na huenda vitenzi hivi viwili ni tawi na shina.

Hata hivyo, asili ya neno haithibitishwi kwa uzuri wa hadithi yake. Sarufi inaruhusu mwami atoke kwenye kwama, lakini jiografia inadai tahadhari. Neno hili halikuzaliwa Burundi. Linapatikana kwa Washi, Wafuliiru na Wanyanga wa Kivu, kwa Warega walio msituni, na kusini zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ngara, kwa Watonga, Waila na Walenje wa Zambia. Neno lililosambaa hivyo, kwa vipande vilivyotengana, kwa kawaida ni la zamani sana kuliko falme zilizolifanya lijulikane. Warundi wanaweza kuwa walilirithi likiwa limekamilika, kisha wakasikia ndani yake kitenzi chao cha kuzaa matunda, wakaona linafaa, wakalishikilia. Hilo hutokea katika kila lugha, na halipunguzi thamani ya maelezo yao. Linayaweka tu mahali pake, kuwa ushahidi wa jinsi Warundi walivyomwona mfalme wao, si lazima ushahidi wa mahali neno lilipochipuka.

Burundi na Rwanda ndizo zilizolipandisha neno hili hadi kilele. Burundi majina ya ufalme yalizunguka kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena. Mwezi Gisabo aliyewapinga Wajerumani na hatimaye kukubaliana nao Kiganda mwaka 1903 alikuwa mwami. Mwambutsa, aliyepewa enzi akiwa mtoto mwaka 1915, alikuwa mwami hadi 1966. Rwanda ilikuwa na Kigeri Rwabugiri, ambaye mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alivuka Kagera hapo Rusumo akaenda kuonana naye. Katika nchi hizi mbili, umwami alikuwa mmoja tu. Kusema abami, kwa wingi, kulikuwa kusimulia waliotangulia au wafalme wa nchi nyingine.

Buha, kusini mwa Ngara, hali ilikuwa tofauti. Huko kulikuwa na nchi ndogo kadhaa, kila moja na mwami wake, na wingi wa neno ulikuwa wa kawaida. Huko pia ndiko lilikoonyesha sifa ambayo maneno mfalme na sultani hayana: mwami hana jinsia. Mtawala wa Heru, katika Kasulu ya leo, siku za mwisho za ukoloni wa Waingereza alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Hakuna aliyehitaji kutengeneza neno jipya wala kubandika kiambishi cha kike. Kiswahili kililazimika kuazima malkia kutoka Kiarabu, na Kiha kilikuwa na neno lake tayari.

Wageni walipofika walikuja na maneno yao. Utawala wa Wajerumani uliwaita karibu watawala wote wa bara masultani, na Mwezi Gisabo anaonekana katika maandishi yao kama Sultani Kissabo, ingawa hakuna Mrundi aliyemwita hivyo. Waingereza wakaja na chifu, neno ambalo lilimpunguza mwami wa Bugufi na wa Bushubi hadi kuwa mtumishi katika ngazi za serikali. Wajerumani wenyewe walitawaliwa na Kaiser, na neno hilo linafundisha jambo kuhusu asili ya vyeo. Kaiser ni jina la mtu, Caesar wa Roma, lililogeuka kuwa cheo. Ndilo Kaisari wa Biblia ya Kiswahili, na ndilo tsar wa Warusi na Wabulgaria. Katika lugha hizohizo za Kislavoni, mfalme wa kawaida huitwa korol kwa Warusi, kralj kwa Waserbia na kral kwa Wabulgaria, na inakubalika kwa upana kwamba hilo nalo lilikuwa jina la mtu: Karl, mfalme wa Wafranki aliyefariki mwaka 814. Ulaya ya Mashariki ilichukua majina ya wanaume wawili wenye nguvu ikayafanya vyeo. Lugha za Maziwa Makuu zilichukua kazi. Wasukuma na Wanyamwezi walimwita mtawala ntemi, na Kiswahili kikafuata kwa mtemi, kutokana na kutema, kukata: jina linalomrudisha mtawala kwenye kukata pori na kukata kesi.

Omukama wa Biharamulo na Bukoba anaonekana naye kutokana na kazi. Katika Kihaya na lugha za jirani, okukama ni kukamua maziwa. Kirundi na Kinyarwanda husema gukama, kwa k ya kiambishi kugeuka g mbele ya k nyingine, mabadiliko ambayo wanaisimu huyaita Kanuni ya Dahl, kwa heshima ya Edmund Dahl, mmisionari aliyeyaona Unyamwezi. Kiswahili cha zamani kina kukama kwa maana ileile, na kutoka hapo kuna kukamua. Omukama, basi, ni mkamuaji. Katika nchi ambazo mali ilihesabiwa kwa ng'ombe, maelezo haya yanaeleweka mara moja, na ndiyo yanayorudiwa kuliko mengine. Ila umbo lake si la kawaida kama la mwami: lingefuata kanuni ya i ya mwisho, lingekuwa omukami. Majina ya watendaji yanayobaki na a yapo, na Kiswahili kina mganga kutoka kuganga, hivyo pingamizi hilo haliangushi hoja. Inafaa pia kukumbuka kwamba shina -kam- kwa asili lina maana ya kubana kwa mkono, na Kiswahili kimelifanya kamata. Mtawala anayekamua na mtawala anayeshika wanatoka kwenye kiganja kimoja, na pengine waliompa jina hawakuona haja ya kuchagua.

Wasafiri Speke na Grant walipopita mwaka 1861 walikutana na ulimwengu huo wa omukama. Usui, ambayo kiini chake ni Biharamulo ya sasa, ilikuwa chini ya Suwarora, na Karagwe ilikuwa chini ya Rumanyika, aliyewakaribisha Bweranyange. Wangechepuka kuelekea Bugufi wangekutana na mwami. Mpaka wa maneno haya mawili ulipita hapo, ndani ya eneo ambalo leo ni mkoa mmoja.

Buganda ndiko mwami alikoshuka ngazi. Kileleni kulikuwa na kabaka, na hakuna aliyeweza kushindana na neno hilo. Abaami, kwa irabu ndefu, walikuwa watawala waliowekwa na kabaka juu ya majimbo na vijiji: Kaggo wa Kyaddondo, Mukwenda wa Ssingo, Ssekiboobo wa Kyaggwe na wenzao. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Buganda na Waingereza uliwagawia watu wa tabaka hilo ardhi kubwa, na heshima ya mwami ikawa heshima ya mwenye shamba, mwenye nyumba ya bati na mwenye kusoma. Kutoka hapo neno lilienda mbio. Kila mwanamume mzima mwenye nyumba yake akawa mwami, na mkewe akamwita omwami wange, mume wangu. Kadi ya harusi ikitoka Kampala hadi kwa ndugu wa Ngara, imeandikwa kwa Kiganda kwamba Omwami na Omukyala fulani wanawaalika. Msomaji wa Kihangaza anaweza kudhani kwa sekunde moja kwamba amealikwa na jumba la kifalme. Safari ya neno hili inafanana na ya monsieur ya Kifaransa, ambayo mwanzoni ilimaanisha mtukufu wangu na leo anaitwa hivyo dereva wa teksi. Kiswahili kina bwana, ambaye ni mume, ni mwajiri, ni mtu yeyote barabarani, na ni Mungu.

Kwa Warega neno lina maana isiyo ya kushuka wala ya kupanda, na hapa ndipo lilipo somo lenye utajiri kuliko yote. Warega hawakuwa na mfalme. Walichokuwa nacho ni Bwami, chama chenye ngazi zilizopandwa kwa miaka mingi, kwa mali, kwa msaada wa ndugu, na zaidi ya yote kwa mwenendo. Aliyeingizwa aliitwa mwami, na wenzake ni bami. Ngazi ya juu kabisa ya wanaume ni kindi, na mke wa aliyeifikia naye alipanda ngazi yake mwenyewe, kanyamwa. Bila yeye mume hakukamilika. Mafunzo yalitolewa kwa methali zilizoimbwa na kuchezwa, na kila methali ilikuwa na kitu cha kushikwa mkononi: kinyago kidogo, sanamu ya pembe ya ndovu, ganda la mnyama. Serikali ya Wabelgiji iliona katika Bwami utawala ambao haikuweza kuuamrisha, ikakipiga marufuku mwaka 1948. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Warega muda mfupi baadaye na kuchapa kitabu chake Lega Culture mwaka 1973, alieleza kwa urefu maadili ya chama hicho: utulivu, ukarimu, kuepuka ugomvi. Sanamu za bami leo zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, zikiwa zimetenganishwa na methali zake.

Watonga nao waliishi bila wafalme. Elizabeth Colson, mwanaanthropolojia aliyekaa nao tangu miaka ya 1940, alieleza jamii ambayo mambo yake yalisuluhishwa na koo, majirani na walinzi wa madhabahu za mvua. Serikali ya kikoloni ilihitaji mtu wa kupelekewa amri na kodi, ikateua machifu, na Watonga wakawaita kwa neno walilokuwa nalo la mtu wa kuheshimiwa: mwami. Leo machifu hao wanatambulika kwa sheria nchini Zambia, na ni rahisi kusahau kwamba cheo kilikuja baada ya neno.

Mifano hii ikiwekwa pamoja, jibu la swali la asili linaonekana, angalau kwa muhtasari wake. Mwami hakuanza kama mfalme. Warega na Watonga, wasio na wafalme, wanalo. Waganda, wenye mfalme anayeitwa kwa jina jingine, wanalo pia. Kinachofaa kote ni maana pana zaidi: mtu anayeheshimiwa, mkubwa wa watu. Burundi, Rwanda na Ngara, mkubwa mmoja aliwazidi wote, na neno likapanda pamoja naye mpaka juu. Buganda, nafasi ya juu ilikuwa imeshikwa, na neno likabaki chini yake, likaenea kwa watu wengi. Neno linakaa pale ambapo maneno mengine yameliachia nafasi.

Wafasiri wa Biblia na wa ibada walilithibitisha hilo bila kukusudia. Walihitaji neno moja kwa ajili ya Bwana. Buganda hawakuweza kuchukua mwami, kwa kuwa Mungu angekuwa mheshimiwa wa mtaani, wakachukua Mukama. Wahaya nao walikuwa na Omukama. Waprotestanti wa Burundi na Rwanda walichukua Umwami, neno ambalo kwao lilikuwa bado na uzito wote wa enzi. Wakatoliki wa Burundi wakasali kwa Umukama, na wa Rwanda kwa Nyagasani. Ngara, yenye makao ya Dayosisi ya Anglikana ya Kagera pale Murgwanza na yenye Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara, iko mahali ambapo maneno haya yote husikika: redio ya Burundi ikifunguliwa Jumapili, kituo kimoja kinamwita Bwana kwa cheo cha mfalme wa Bugufi, na kingine kwa cheo cha mfalme wa Karagwe.

Wenye cheo wenyewe wameondoka karibu wote upande huu. Rwanda ilikata shauri kwa kura ya Septemba 1961. Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, na mwami wa Bugufi, wa Bushubi na wa Heru wakawa raia. Burundi iligeuzwa jamhuri tarehe 28 Novemba 1966. Mwami wa mwisho wa Rwanda, Kigeli Ndahindurwa, alifariki uhamishoni Marekani Oktoba 2016, akazikwa Mwima, Nyanza, Januari 2017. Kongo, kwa Washi na majirani zao, na Zambia, kwa Watonga, bado kuna watu wanaoitwa mwami wakiwa hai na wakiwa kazini.

Kwa Kihangaza na Kishubi kuna kazi iliyobaki, nayo haisubiri. Maana ya neno haikai katika kamusi peke yake. Inakaa katika sentensi ambazo watu walizitumia kila siku: aliyeitwa barazani alisema nini, mwami alisalimiwaje asubuhi, mke wa mwami aliitwaje, na ni kosa gani kulitamka jina lake. Aliyekuwa na miaka 20 mamlaka ya machifu yalipofutwa ana zaidi ya 80 leo. Mwenye mzee wa umri huo Mabawe, Rulenge au Kabanga akae naye, amuulize hayo manne, aandike majibu kwa Kihangaza kama yalivyotamkwa, na kando ya kila jibu aweke tarehe na jina la kijiji.